Nzi Wetu Mtoni

Ashukuriwe Mungu asiyechoka kutuamsha. Ametupa sisi wazee asubuhi nyingi kuliko tulizothubutu kuomba, na hata zile tulizozimaliza kwa manung'uniko hajatudai. Namwomba anishike mkono nikisimulia haya, nisizidishe wala nisipunguze.

Kazi iliyonilea mimi na watoto wangu ilikuwa kufunga nzi. Si nzi wa jalalani. Ni nzi wa bandia wa kuvulia samaki. Unabana ndoana ndogo kwenye vaisi, kile kibanio cha chuma cha mezani, unaivika manyoya ya jogoo na kuizungushia uzi, hadi inafanana na mdudu aliyeanguka majini. Wageni wa nchi za baridi huwanunua na kuwarusha mitoni mwao, na samaki hudanganyika. Karakana yetu ilikuwa Industrial Area, Nairobi. Tulikwenda kwa miguu, wengine wakitoka Mukuru kwa Njenga, wengine Mathare, mimi nikitoka hapa mtaa wa Tena, na kutwa nzima tuliinama karibu na dirisha tukifuata mwanga. Wengi wetu tulikuwa wanawake, kwa sababu walisema vidole vya wanawake ni vyembamba. Vyangu havijawahi kuwa vyembamba, lakini kazi nilipewa.

Rafiki yangu tulikaa naye benchi moja miaka hiyo yote. Yeye kwao ni Murang'a, mimi kwetu ni Ukambani, na nyumba yake ilikuwa Umoja, mwendo mfupi kutoka kwangu. Aliniita Mwaitu, yaani mama kwa Kikamba, neno nililomfundisha mwenyewe na ambalo alilitamka vibaya makusudi ili nicheke. Mimi nilimwita Cucu, yaani bibi kwa Kikuyu, tangu alipopata mjukuu wa kwanza. Karakana ilipofungwa tuliendelea hivyo hivyo. Jumapili tulikaa kiti kimoja kanisani, na siku za kazi nilipita kwake kwa chai.

Ni kwenye chai hiyo nilipoanza kuogopa. Alimimina chai kando ya kikombe, ikatambaa mezani hadi mapajani mwangu, naye akaendelea kuzungumza. Wiki hiyo hiyo jirani alinilalamikia kwamba rafiki yangu amekuwa na maringo, anampita mtu aliyemnyooshea mkono wa salamu na haupokei. Nilimuuliza. Alifunga mlango kwanza, ndipo akanijibu.

"Ni presha ya macho, Mwaitu. Daktari anasema imekula pande zote. Naona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Ninachoelekezea bomba, nakiona. Kingine chote hakiko."

"Na dawa?"

"Natia matone. Yanashikilia kilichobaki. Kilichokwenda hakirudi."

Mwanawe wa kwanza anaishi Kitale, ana shamba na mke mwema. Alikuwa ameshamwambia mara nyingi aache kuishi peke yake Umoja. Rafiki yangu alijua kwamba siku mwanawe akisikia habari ya macho, mjadala umekwisha. Atakuja na gari, atafunga nyumba, na mama ataishi kwenye kiti kizuri uani kwa watu, mbali na kanisa lake na mbali na mimi. Kwa hiyo aliniapisha. Nilimwambia kwamba mtoto ana haki ya kujua hali ya mama yake. Akasema, "Atajua. Lakini nitamwambia mimi, na si leo." Nilirudi nyumbani nikiwa na neno la mtu mdomoni kama punje ya mchanga. Nimefundisha katekisimu hapa Tena, nimewafundisha watoto kwamba kunyamaza nako kunaweza kuwa uongo. Nililala na mafundisho yangu mwenyewe yakinitazama.

Basi katika hali hiyo ndipo safari ilipotokea.

Aliyekuwa supavaiza wetu, mzee sasa, mjane, mwenye kofia ya pama anayoivua kanisani tu, alitukuta kwenye mazishi ya mwenzetu mmoja wa karakana. Baada ya kuzika, tukiwa tunakula, alisema kitu ambacho sote tulikijua na hatukuwahi kukisema.

"Marehemu amefunga nzi mpaka vidole vikapinda, na amekufa hajaona samaki hata mmoja akimla nzi wake."

Kisha akasema kwamba kwenye miteremko ya Mlima Kenya iko mito yenye trauti, samaki wa maji baridi wanaowala nzi kama wetu, na iko kambi ya mabanda ambapo mtu hukodisha fimbo za kuvulia. Mkwewe alikuwa na gari. Kwa nini tusiende, sisi tuliobaki na miguu?

Rafiki yangu alikuwa wa kwanza kusema atakwenda. Tulipokuwa tukitembea kurudi, akanishika kiwiko, kama alivyokuwa ameanza kufanya kila tulipovuka barabara.

"Nataka kumwona samaki akija kwa nzi wangu. Kumwona, Mwaitu, si kuhadithiwa. Bado bomba liko wazi kidogo."

"Na ukianguka mtoni?"

"Ndiyo maana na wewe unakuja. Na usiwaambie hao wengine. Wakijua, watanikalisha kwenye nyasi na blanketi kama mgonjwa."

Tulikwenda wanne: supavaiza akiendesha, mimi, rafiki yangu, na mwenzetu wa Mathare, mama mnene anayeuza githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, na ambaye mdomo wake haukupata kupumzika tangu tulipokuwa wasichana. Njiani aliimba, akawasimanga wenye magari waliotupita, akamwuliza supavaiza kama gari lina gia nyingine au ni hiyo moja. Nilicheka na wenzangu. Lakini kila gari liliporuka kwenye shimo nilimtazama rafiki yangu, na niliona ameshikilia mlango kwa mikono yote miwili, amekazia macho mbele. Nilisali kimoyomoyo kutoka Thika hadi tulipofika. Sikuomba apate samaki. Niliomba tumrudishe mzima.

Kambi ilikuwa mabanda ya mbao chini ya miti mirefu, na mto ulipita karibu sana, maji meupe juu ya mawe kisha meusi kwenye vina. Rafiki yangu alikanyaga pole pole, akigusa kila nguzo kana kwamba anaisifu. Jioni tulikula ugali na mboga ya managu kando ya moto, na ilikuwa jioni njema. Supavaiza alileta boksi la nzi, kila mmoja wetu akatoa wale aliowafunga mwenyewe, na tukaanza kukosoana kama zamani.

"Huyu nani kamfunga? Kichwa kikubwa hivi!" akasema supavaiza.

"Kichwa chake ni kama cha yule aliyetusimamia," akajibu mama wa Mathare.

Lazima nieleze jambo moja la karakana, kwa sababu yote yaliyofuata yalianzia hapo. Supavaiza alikuwa na ndoo chini ya meza yake. Nzi mwenye unyoya uliolegea, au mkia uliopinda, au uzi ulioachwa wazi, aliitwa rijekti na alitupwa ndoo hiyo mbele ya macho yako bila neno. Tulifundishwa hivyo hadi ikaingia damuni. Hadi leo siwezi kuona kifungo cha shati kinaning'inia nisikishughulikie. Kwetu sisi nzi mwema ni nzi nadhifu, na asiye nadhifu hatoki mlangoni.

Asubuhi, kabla wenzetu hawajaamka, nilimfungia rafiki yangu nzi kwenye mshipi wake, kwa kuwa tundu la ndoana hakuliona tena. Alichagua mmoja wa kahawia aliyemfunga mwaka uliotangulia, wakati macho yalikuwa na nafuu. Tulivaa gambuti. Mlinzi wa mto, mtu mpole, alitufundisha kurusha: mshipi unapelekwa nyuma, unangojwa unyooke, kisha unarudishwa mbele. Akatucheka kidogo akaenda zake.

Mama wa Mathare alirusha kwa nguvu za kukanda unga. Ndoana ikapita juu ya vichwa vyetu, ikanasa kofia ya supavaiza na kuipeleka katikati ya mto.

"Nimepata! Nimepata mkubwa!" akapiga kelele. "Njooni muone, ana upara!"

"Rudisha kofia yangu wewe mama!"

"Mzee, samaki hatoi amri!"

Tulicheka hadi tukashikana mabega. Supavaiza, ambaye katika karakana hatukuwahi kuona meno yake, alicheka hadi akaketi kwenye jiwe na kufuta macho kwa mkono. Kofia ilivutwa ikitiririka maji. Namshukuru Mungu kwa dakika zile. Nilisahau hofu yangu kabisa, nami nadhani hiyo nayo ilikuwa zawadi yake.

Kisha samaki wakaanza kugusa. Mama wa Mathare alimpata wa kwanza, mdogo, mwenye madoadoa mbavuni, akapiga vigelegele. Alipomtoa ndoanani, nzi alikuwa amechakaa, unyoya mmoja umesimama kando. Supavaiza alimwangalia tu, naye bila kuambiwa akamkata na kufunga mpya. Na mimi nilifanya hivyo hivyo nilipoguswa. Sote tulifanya hivyo. Samaki akimtafuna nzi kidogo, tunamkata, tunamweka kando, tunafunga mwingine safi. Na baada ya hapo hakuna aliyeguswa tena. Tulihama jiwe hadi jiwe, tukalaumu jua, tukalaumu gambuti.

Rafiki yangu peke yake hakubadilisha nzi. Alisimama alipokuwa amesimama, maji magotini, akirusha karibu karibu, na mshipi wake ulitikiswa tena na tena. Kila mara nilimsikia akishusha pumzi. Alihisi kwa mkono, lakini mpaka aelekeze macho, samaki ameshazama. Hakumwona hata mmoja.

Supavaiza alimkaribia, akauvuta mshipi wake, akaona nzi amebaki uzi na vipande vya manyoya.

"Huyu ameisha. Mkate, funga mwingine."

"Mwache, mzee. Anafaa."

"Anafaa? Huyu kwangu angeenda ndooni."

"Hapa hakuna ndoo."

Wote walicheka, na supavaiza naye, lakini mkono wake haukuweza kuvumilia. Alimkata yule nzi, akamtilia rafiki yangu mpya kiganjani. "Haya, funga. Wewe ndiye ulikuwa fundi wetu."

Nilianza kuwaendea ndani ya maji, lakini mawe yalikuwa na utelezi na nilikuwa mbali. Nilimwona akishika ndoana kwa mkono mmoja na ncha ya mshipi kwa mwingine, akaanza kutafuta tundu. Ncha ilipita kando. Ikapita tena. Alisogeza ndoana hadi karibu na pua.

"Mikono imelewa chai!" mama wa Mathare akapiga kelele kutoka upande wa pili. Kisha akanyamaza, na kunyamaza kwake kulinitisha kuliko jambo lolote siku ile.

Supavaiza aliinua kiganja taratibu, akakipunga kando ya shavu la rafiki yangu. Yeye hakupepesa macho.

"Huoni," akasema.

Rafiki yangu akashusha mikono. "Naona kidogo. Wewe nakuona nikikutafuta."

"Na umesimama mtoni! Ngai! Mwanao ningemwambia nini?"

"Ungemwambia mama yake alikuwa anavua."

Nikawa nimefika. Supavaiza akanigeukia, na uso wake ulikuwa ule wa zamani, wa mezani. "Na wewe ulijua."

"Nilijua."

"Mtu wa kanisa."

Maji yalikuwa baridi na sikuyasikia. Rafiki yangu ndiye aliyejibu, kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo.

"Usimguse huyo. Aliyeufunga mdomo wake ni mimi, na amenisihi kila siku niufungue. Ukitaka kugombana, gombana na mimi."

Supavaiza alisema tufungashe, turudi Nairobi mchana ule ule, na kwamba atampigia mwanawe simu mwenyewe. Mama wa Mathare alikuwa analia waziwazi, kamasi na machozi, na fimbo yake inaburutwa majini. Tulisimama hivyo, wazee wanne ndani ya mto, tumeiharibu siku yetu.

Kisha rafiki yangu akasema, taratibu sasa, "Nisikilizeni. Nimwone mmoja tu. Mmoja. Halafu nitampigia mwanangu mimi mwenyewe, kabla jua halijatua, na nitamwambia kila kitu. Mkinitoa sasa, nitakuwa nimetolewa. Nataka kutoka mwenyewe."

Mama wa Mathare akafuta pua kwa kitenge chake, akasema, "Mzee, yule nzi uliyemkata yuko wapi?"

"Yupo mfukoni."

"Mrudishe. Hamjaona? Sisi tuna nzi wa harusi na hatupati kitu. Rijekti ndiye anayeliwa."

Supavaiza alimtoa mfukoni akamweka kiganjani, akamgeuza na kumgeuza. Yule nzi aliyetafunwa alifanana sasa na mdudu aliyelowa, anayekufa, kama wadudu wote tuliokuwa tumewaona wakipita juu ya maji asubuhi ile. Alimfunga kwenye mshipi, na alipomaliza alisema, kana kwamba anajisemea, "Ndoo nzima. Kila wiki, ndoo nzima."

Tulimpeleka kwenye kina kilichotulia, ambapo maji yalikuwa meusi na laini. Supavaiza alisimama nyuma yake akamshika mkanda. Mama wa Mathare alisimama upande wa chini ili kama akianguka aangukie mwili wenye kumpokea. Mimi nilisimama ubavuni nikamshika kichwa kwa mikono miwili, kama mtu anavyomshika mtoto anayenyolewa. Alirusha. Nilimwona nzi alipotua, nikakigeuza kichwa chake hadi akasema, "Hapo. Nampata hapo." Nzi aliposogea na maji, nilikisogeza kichwa pamoja naye.

Mara ya kwanza samaki alikuja upande na tulimkosa. Alirusha tena. Nilimwomba Mungu, na sasa niliomba samaki, nikiwa mtu mzima mwenye mvi, niliomba samaki kama mtoto anavyoomba andazi.

Maji yakavimba. Rafiki yangu akashtuka mikononi mwangu.

"Amefungua mdomo," akasema kwa kunong'ona. "Mwaitu, ndani ni mweupe! Mweupe kabisa!"

"Vuta!" supavaiza akapiga kelele. "Vuta, wewe mama!"

Hakuvuta. Alisimama tu akitazama, na samaki akamtema nzi, akazama. Mduara ukapanuka na kuisha. Supavaiza akaguna kwa uchungu, mama wa Mathare akaanza kucheka katikati ya kilio chake, na rafiki yangu akageuka akaniegemea kifuani, gambuti zimejaa maji, akicheka na yeye. Mimi nilitaka kucheka na sikuweza. Nilijua kinachofuata.

Alipiga simu akiwa ameketi kwenye kizingiti cha banda, jua likiwa bado juu ya miti. Tulimwacha peke yake, lakini kambi ni ndogo na sauti ilitufikia. Alisema, "Mwanangu, kaa chini kwanza." Kisha alieleza, bila kulia, bila kujitetea. Akasikiliza. Kisha akasema, "Ndiyo. Najua. Ndiyo, baba." Anamwita mwanawe baba kwa sababu amerithi jina la babu yake. Aliporudi kwetu alisema tu, "Amelia. Sikujua angelia."

Mwanawe alikuja baada ya muda si mrefu. Hakufoka, nami namheshimu kwa hilo. Nilisaidia kufungasha vyombo, nikafunga vikombe kwa magazeti. Alipompandisha mama yake garini alinishukuru kwa kumtunza, na shukrani ile ilinichoma kuliko lawama ya supavaiza pale mtoni, maana sikujua kama naistahili. Katika nyumba ya Umoja sasa wanaishi vijana wawili na redio kubwa. Nikipita pale sigeuki.

Huko Kitale ametibiwa vizuri, lakini bomba limeendelea kujifunga. Jumapili baada ya ibada hunipigia simu. Majuzi aliniambia sasa anajua nani ameingia chumbani kwa hatua zake, na kwamba mkwewe humsomea, na kwamba usiku huwa anaogopa. Aliniambia hili la mwisho kwa Kikamba kile kidogo nilichomfundisha benchini, neno moja moja, ili walio karibu wasielewe. Sikumwambia asiogope. Nilikaa naye kwenye simu hadi aliposema inatosha.

Bado namwuliza Mungu kama nilitenda sawa. Hajanijibu, na sina haraka naye. Ninalojua ni kwamba habari ile ilitoka mdomoni mwa mwenyewe, mchana, baada ya kuona alichotaka kukiona, na kwamba tulikuwa wanne majini wala hakuna aliyeachiliwa. Kwa hilo nashukuru, hata siku ambazo shukrani inanitoka pole pole.

Nawe uliyesoma hadi hapa, Mungu akupe watu wa kukushika ukiwa kwenye utelezi, akupe na nguvu ya kuwashika wengine. Siku ya kusema lililo gumu ikifika, akupe sauti yako mwenyewe, na anayekusikiliza ampe moyo laini. Amina.